Uzi wa kuchora vituko kwenye mawe ya mtoni: tulioko Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe tukutane hapa

Jiwe la Kiwira (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu, na shikamoo kwa wote wanaostahili.

Humu kuna nyuzi za parachichi, za kuku chotara, za bodaboda, ila wa mawe sijauona. Naongelea mawe ya kawaida ya mtoni, yale ya ukubwa wa ngumi au wa kiazi mviringo. Unaliosha, unalipaka rangi, linageuka chura aliyenuna, au shangazi aliyefunga kilemba na kutega sikio kwa jirani. Unaliweka dirishani, unazuilia mlango, unampa mtoto, unauza. Niko Mbeya, Nzovwe, na huu ni mwaka wa tatu naifanya kazi hii jioni nikitoka kibaruani.

Ilianza hivi. Tulikuwa tunarudi kutoka msibani Tukuyu, gari likapata pancha karibu na mto Kiwira. Tukashuka kunawa uso. Nikaokota jiwe jeusi, laini, limebonyea kidogo upande mmoja, nikalibeba kwa sababu mlango wa jikoni kwangu hujibamiza upepo ukivuma. Likakaa pale mlangoni miezi. Siku moja binti yangu, wakati huo ana miaka sita, akachukua rangi ya kucha ya mama yake, nyeupe, akalitia macho mawili, na katikati ya kila jicho akaweka tone la wino wa kalamu. Hakuongeza kitu kingine. Hakuna pua, hakuna mdomo. Lakini pale jiwe lilipobonyea palikuwa chini kidogo ya yale macho, pakawa mdomo wenyewe, mdomo wa mtu anayesubiri kodi ya mwezi. Kila aliyeingia jikoni alilisalimia. Mzee mmoja wa jumuiya yetu alicheka mpaka akaomba kiti.

Tangu siku hiyo nimeshikilia jambo moja, na ndilo lililonifanya nifungue uzi. Kichekesho kimo ndani ya jiwe kabla hujafungua kopo la rangi. Wengi huanza na picha ya mtandaoni, kisha wanatafuta jiwe la kuibebesha hiyo picha. Wanapata jiwe lililopakwa vizuri, lakini halimchekeshi mtu. Mimi jiwe nalikalisha mezani, nakula nalo, nalizungusha, nalipindua kichwa chini, siku mbili tatu, mpaka nijue ni nani huyu. Lililonyooka likachongoka juu, huyo ni kuku anayeatamia. Lenye nundu, huyo ni mtu amebeba mzigo wa kuni. Lisiloniambia kitu nalirudisha kwenye ndoo lisubiri.

Baada ya umbo, macho. Weka mboni katikati kabisa ya jicho, umepata mdoli. Isogeze pembeni, macho yote yaangalie upande mmoja, jiwe limesikia umbea. Isogeze juu, linaomba ruhusa. Ziba nusu ya jicho kwa kope nzito, limetoka zamu ya usiku. Halafu kuna ile nukta nyeupe ndogo juu ya mboni, ndogo kama punje ya ulezi. Naiweka kwa ncha ya kijiti cha meno, mwisho kabisa, pumzi nimeibana. Bila ile nukta jiwe limekufa. Ukishaiweka, limeamka, na utajua kwa sababu wewe mwenyewe utatabasamu kabla hujashusha mkono.

Karibuni. Anayefanya aonyeshe, anayetaka kuanza aulize.

Mama Wawili

Asante mleta uzi, nimesoma mara mbili. Niko Uyole, nina watoto wawili na likizo ndiyo hiyo inakuja. Mwaka jana tulijaribu na zile rangi za shule za kuchovya brashi kwenye maji. Watoto walichora vizuri sana, tukayapanga mawe kwenye kibaraza. Mvua moja tu, asubuhi tukakuta mawe meupe kama hayajawahi kuguswa na maji ya rangi yamechirizika mpaka kwenye ngazi. Yule mdogo alilia. Rangi gani inafaa, na ambayo haitanimaliza mfukoni?

Mnyalu wa Kihesa

Kamwene wote. Naweka kambi hapa. Iringa sisi mawe ndiyo shamba letu.

Fundi Rangi Mwanjelwa

Mama Wawili pole, na mpe pole huyo mdogo. Mimi ni fundi rangi wa nyumba, mwaka wa kumi na tisa kazini, ngoja nikueleze kwa utaratibu maana jiwe na ukuta havitofautiani sana.

Ile rangi ya shule haina gundi ya kuishikilia, ikikutana na maji inarudi kuwa maji. Unahitaji moja kati ya hizi mbili: akriliki, zinauzwa kwa vichupa au tyubu kwenye maduka makubwa ya vifaa vya shule, au rangi ya mafuta ya robo lita kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Akriliki unaiyeyusha kwa maji ikiwa mbichi, ikikauka hairudi tena. Haina harufu kali, inakauka haraka, ndiyo ya watoto. Rangi ya mafuta inang'aa na kuvumilia mvua, ila inataka tina ya kuiyeyushia, harufu yake ni nzito, na huku kwetu mwezi wa sita na wa saba haikauki leo wala kesho.

Kabla ya rangi, jiwe lenyewe. Sugua kwa brashi ya kufulia na sabuni ya unga. Mawe ya mtoni yana utelezi ambao macho hayauoni lakini kidole kinausikia. Rangi ikikaa juu ya utelezi, siku moja inavuka kama ganda la kitunguu. Halafu likauke, na hapa ndipo watu wanapokosea. Juu limekauka, ndani lina maji. Ukilipaka, yale maji yanatafuta pa kutokea, rangi inafanya malengelenge. Kipimo changu ni hiki: litie jiwe kwenye mfuko wa mkate, funga, liache usiku mzima. Asubuhi ukikuta jasho ndani ya mfuko, bado. Msimu wa baridi mimi nakaa hata siku tano.

Likishakauka, lile jeusi lililong'aa sana lipitishe msasa kidogo, rangi ipate pa kushika. Kisha koti jeupe jembamba, yaani tabaka moja la rangi, emulsheni ya nje (ile rangi ya maji ya kuta) inatosha. Nyeupe ile ndiyo inayofanya njano iwe njano na nyekundu iwe nyekundu. Ukipaka njano moja kwa moja juu ya jiwe jeusi la Kiwira, utapata rangi ya matope. Makoti mawili membamba daima yanashinda koti moja nene.

Kitu kingine, rangi ya mafuta inaweza kukaa juu ya akriliki iliyokauka, lakini akriliki juu ya rangi ya mafuta haishiki, itabanduka. Na ile vanishi ya mbao ya mafundi seremala usiitumie juu ya nyeupe. Baada ya muda inageuza nyeupe kuwa rangi ya chai ya maziwa. Ulizia vanishi ya maji, isiyo na rangi. Kama umechora mistari kwa makapeni, jaribu kwanza kwenye jiwe la kutupa, maana vanishi nyingine zinaufumua ule wino ukasambaa.

Jiwe la Kiwira (mleta uzi)

Fundi, ndaga fijo. Ningekukuta mwaka wa kwanza ningeokoa makopo mengi.

Naongezea la hatari, nalisema kwa uzito wote. Usikaushe jiwe la mtoni kwenye moto. Mwaka ule wa kwanza nilipata oda ya mawe kumi na mbili, mwezi wa saba, ukungu umekaa Mbeya siku tatu, mawe hayakauki. Nikayapanga kuzunguka jiko la mkaa. Robo saa haikupita, moja likapasuka kwa mlio kama wa baruti, kipande kikapita karibu na shavu langu kikaenda kugonga sufuria ukutani. Maji yaliyojificha ndani ya jiwe yakipata joto kali yanageuka mvuke, mvuke hauna pa kutokea, unalivunja jiwe. Watoto walikuwa nje, namshukuru Mungu. Subirini jua, au kaeni siku tano kama Fundi alivyosema. Na tina msiisogeze kabisa karibu na jiko, hata kama limebaki majivu.

Dada wa Tukuyu

Nimefurahi kuona uzi huu. Kwetu Rungwe kuna aina ya jiwe mnalisahau, lile jepesi lenye vitundu vitundu, ambalo wengi wanalijua kama jiwe la kusugulia visigino. Ni povu la volkano lililoganda, milima yetu ililitapika zamani, unalikuta kwenye kingo za barabara zilizochimbwa na mashambani. Kwa watoto wadogo naliona linafaa kuliko la mtoni kwa sababu likiwadondokea mguuni haliumizi.

Shida yake ni kwamba linakunywa rangi. Unapaka, unageuka, imepotea. Mimi kwanza nalipaka gundi nyeupe ya mbao niliyoichanganya na maji nusu kwa nusu, mara mbili, ndipo naweka rangi.

Sasa uzuri wake. Jiwe hili linaelea. Mwaka jana nilichora samaki wanne, wote macho makubwa na midomo wazi kama wanashangaa, nikawaweka kwenye beseni la maji kibarazani bila kumwambia mtu. Watoto wa jirani walikuja kuomba maji ya kunywa. Mmoja akaona "samaki wa jiwe", akachukua mmoja akamzamisha mpaka chini, akamwachia, samaki akapanda juu na kugeuka kuwatazama. Yule mtoto aliruka nyuma. Halafu wakaanza wote, kuzamisha na kuachia, kuzamisha na kuachia, mpaka giza likaingia na mama zao wakaja kuwafuata. Na rangi ile inaziba vitundu, kwa hiyo samaki hawalowi upesi, wanaelea muda mrefu kuliko jiwe tupu.

Mwalimu wa Awali, Makambako

Dada wa Tukuyu umenipa wazo la wiki nzima. Darasani kwangu nina mawe ishirini ya kuhesabia. Zamani yalikuwa mawe matupu na watoto waliyarushiana. Tangu nimeyachora sura, kila moja na tabia yake, hayarushwi tena. Namba saba amevaa kofia ya baridi mpaka kwenye nyusi, namba nne ana jino moja. Mtoto akiambiwa "niletee mawe matano", anachagua anaowapenda, anawapanga, anawahesabu akiwagusa kichwani. Kuna mmoja alikataa kutoa mbili kwenye tano kwa sababu hao wawili ni ndugu.

Tahadhari kwa walimu wenzangu na wazazi: watoto wanaoweka vitu mdomoni wapewe mawe makubwa yasiyoingia kinywani, yaliyopakwa akriliki, si rangi ya mafuta wala rangi ya kucha.

Kijana wa Mafinga

Wakuu, mimi nachora bundi. Nimeangalia video nyingi za nje na bundi ndiye anayependwa kuliko wote, jiwe la yai linakaa bundi vizuri kabisa, macho makubwa, mbawa pembeni. Nimetengeneza kumi na tano, nimekaa nao stendi ya Mafinga siku mbili, sijauza hata mmoja. Tatizo ni bei?

Mama Wawili

Mdogo wangu, hata ungenipa bure nisingeliingiza ndani. Bundi?

Mzee wa Kalenga

Marahaba mleta uzi, salamu yako nimeiona.

Kijana wa Mafinga, kazi yako huenda ni nzuri, lakini umewaletea watu ndege ambaye akilia juu ya paa la nyumba wanakesha wakiwaza ni nani anaumwa. Huko walikotengeneza hizo video bundi ni ndege wa hekima. Hapa mama akimwona dirishani usiku hatauliza bei. Chora ndege wa hapa. Chora kanga, umbo lake ni jiwe kabisa, mwili wa duara, kichwa kidogo, na madoa yake meupe unayaweka kwa kichwa cha msumari mpaka uchoke. Kanga akikimbia kila mtu aliyekulia kijijini anacheka.

Jiwe la Kiwira (mleta uzi)

Mzee umemaliza. Kijana, hao bundi kumi na tano usiwatupe. Paka nyeupe upya, wengi wao watakubali kuwa kanga, au mama mnene aliyejifunga khanga, lile yai ni umbo zuri sana.

Ninachouza mimi zaidi ni vitu vya huku. Nusu ya parachichi inaongoza. Unatafuta jiwe lililochongoka upande mmoja na lenye uso bapa, unapaka ganda kijani cha giza, uso bapa njano inayoingia kijani pembeni, katikati kokwa la kahawia, na juu ya kokwa macho mawili ya usingizi. Mama mmoja pale Kabwe alilichukua akaliminya kwa kidole gumba kupima kama limeiva. Alipoona macho alicheka akalinunua, akasema analipeleka kwa mume wake ambaye ana shamba la parachichi na hana mazungumzo mengine.

La pili ni kiazi. Jiwe la kahawia lenye mabonde, nalipaka vumbi la udongo, naweka uso wa mzee amekasirishwa kuchimbwa mapema. La tatu ni daladala imejaza, jiwe la mstatili, madirisha sita, kila dirisha uso, na mmoja shavu limebanwa kwenye kioo. Hilo linanichukua jioni tatu.

Nyasa Boy

Kule kwetu Matema, kando ya Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanafinyanga vyungu na kuvileta soko la Lyulilo kwa mtumbwi, vimechorwa mistari ya udongo mweupe na mwekundu. Mama yangu mkubwa ni mmoja wao. Nilipomwonyesha uzi huu alichukua jiwe bapa la ufukweni, akachovya kidole kwenye ule udongo mweupe, akachora nyani amebeba chungu kichwani, mistari mitano tu. Najua halitavumilia mvua kwa sababu halijachomwa kama chungu, kwa hiyo nimelipaka vanishi ya maji aliyosema Fundi. Imekaa. Rangi yote ile imetoka chini ya miguu yetu, bila shilingi.

Mnyalu wa Kihesa

Nimerudi na wazo kubwa. Iringa tuna majabali kila kona. Kwa nini tuhangaike na mawe ya mkononi? Tukusanyike vijana ishirini, tukachore sura moja kubwa ya kuchekesha pale kwenye jabali la Gangilonga, ionekane mji mzima. Watalii watapanda kupiga picha. Rangi nitachangia mimi.

Mwalimu wa Awali, Makambako

Mnyalu, hapana. Nakuomba.

Mzee wa Kalenga

Mjukuu wangu, kamwene. Nimesoma wazo lako na nimeona unaupenda mji wako, ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Gangilonga maana yake ni jiwe linaloongea. Wewe ni Mhehe, hilo unalijua. Wazee wetu wanasimulia kuwa Mkwawa alikuwa akipanda pale. Jiwe linaloongea halihitaji kutiwa mdomo. Na rangi ya mafuta juu ya jabali haitoki. Watakaokuja kuifuta watatumia brashi za waya na dawa, watakwangua na ngozi ya jiwe.

Halafu kuna pale Igeleke, karibu na mji, barabara ya Dodoma. Kuna michoro ya watu wa kale chini ya jabali, rangi nyekundu, watu na wanyama. Wengi wa Iringa hawajafika, lakini waliofika wengine wameacha majina yao ukutani kwa mkaa na chokaa. Nilisimama pale nikiwa na wajukuu, nikaona aibu. Michoro ya namna hiyo ndiyo iliyoipa Kondoa nafasi katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Na tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, kuharibu vitu hivyo ni kosa, hata uwe umeharibu kwa mapenzi.

La mwisho. Wachora mawe msiende kuokota Isimila, lile eneo la kale hapa karibu na Iringa. Pale mnaweza kuona jiwe zuri lenye umbo la tone la maji, kingo zimechongoka, mkaona linafaa kuwa samaki. Hilo ni shoka la mkono la watu wa Zama za Mawe. Wachimbaji walifanya kazi pale mwaka 1957 na 1958, na zana ziko ardhini mpaka leo. Nendeni mtoni.

Mnyalu wa Kihesa

Babu nimekuelewa, na nashukuru hukunifokea. Sikuwaza habari ya brashi za waya. Naliacha. Ila ile rangi nimeshanunua, lita nzima ya njano.

Fundi Rangi Mwanjelwa

Lita ya njano ni vifaranga mia mbili. Shuka Ruaha Mdogo, pale Ipogolo, ukaokote mawe madogo.

Jiwe la Kiwira (mleta uzi)

Msimamo wa Mzee ndio wangu pia, na nauweka kwenye uzi wazi: chora jiwe unaloweza kulibeba mwenyewe na kulirudisha ulipolitoa. Na hata mtoni usikombe. Kingo za mto zinashikwa na mawe, nachukua machache sehemu moja, naenda mbele. Ndani ya hifadhi kama Kitulo siokoti hata kokoto.

Mpenda Sanaa, Songea

Kuhusu rangi ya mafuta, nikumbushe jambo ambalo sisi wa kusini tunajivunia. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa kwetu, wa Tunduru. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora wanyama pale Oysterbay, Dar es Salaam, kwenye vipande vya mbao za dari, kwa rangi ya enameli, ile ya kupakia baiskeli. Hakuwa na turubai wala rangi za gharama. Alifariki mwaka 1972, yaani hakupata hata miaka mitano, na leo chui wake wenye macho ya mviringo wako dunia nzima. Tazameni macho ya wale wanyama, ni yale yale anayosema mleta uzi. Kwa hiyo anayesema kopo la hadiwea haliwezi kufanya sanaa, hajui historia ya nchi yake.

Na kama mtu anawaambia hakuna anayenunua jiwe, mwaka 1975 kule Marekani bwana mmoja, Gary Dahl, aliuza mawe matupu, hayajapakwa chochote, ndani ya boksi lenye matundu ya kupumulia na kijitabu cha kulitunza kama mnyama wa kufugwa. Aliuza zaidi ya milioni moja. Kijitabu ndicho kilichochekesha.

Binti wa Vwawa

Biashara ipo lakini jilindeni. Mimi nilimpa mtu mwenye duka la zawadi mawe ishirini na mbili kwa mali kauli, tukapatana atanilipa yakiisha. Yaliisha, niliona rafu tupu kwa macho yangu. Kila nikienda naambiwa mwenye duka kasafiri. Ni mwaka na miezi miwili. Zile zilikuwa jioni zangu za miezi mitatu, nikichora mtoto kalala mgongoni. Siku hizi natoa matano, nikilipwa hayo ndipo natoa mengine, na tunaandikishana hata kwenye karatasi ya daftari. Nyuma ya kila jiwe naandika jina langu la kazi na mwaka kwa brashi nyembamba kabla ya vanishi.

Jiwe la Kiwira (mleta uzi)

Pole sana dada. Jioni hazirudi. Mimi jiwe dogo nauza 3,000, kubwa 8,000, daladala 15,000 na siishushi hiyo bei, kwa sababu nimehesabu jioni tatu na nyuso sita. Mtu akisema "ni jiwe tu", namwambia kwa upole aende mtoni, yapo mengi ya bure.

Kijana wa Mafinga

Mrejesho. Bundi tisa wamegeuka kanga, nimeuza sita Jumamosi. Mzee wa Kalenga, mmoja ni wako, nitakuletea nikipita Kalenga.

Mama Wawili

Wakuu nami nina mrejesho, samahani ni mrefu.

Tulifuata yote. Tulisugua, tukapima kwa mfuko wa mkate, jasho siku mbili, siku ya tatu kavu. Akriliki za rangi tano tu. Mkubwa kachora bajaji. Mdogo, yule aliyelia mwaka jana, alichukua jiwe lenye nundu akalikalisha kwenye meza ya chakula siku mbili akikataa kuligusa na brashi, anasema "bado halijaniambia". Mimi nilikuwa naanza kupoteza subira. Siku ya tatu kaamka asubuhi akasema ni bibi.

Ni bibi kweli. Ile nundu ni mgongo wa mama mkwe wangu akiwa ameinama kwenye mboga. Kampaka kitenge cha bluu, kampa macho yanayoangalia pembeni na mdomo mdogo. Juzi mvua ilinyesha usiku kucha Uyole. Asubuhi nilitangulia mimi kibarazani kuangalia, sikutaka aanze siku kwa kilio kingine. Bibi yupo, maji yamesimama matone matone mgongoni, rangi haijatikisika.

Mama mkwe kaja Jumapili. Kalikuta pale, kalishika, kaligeuza mara mbili tatu bila kusema neno, mtoto kajificha nyuma yangu. Kisha akauliza, "Huyu anamtazama nani?" Mtoto akasema, "Anakutazama wewe." Amelibeba kwenye mkoba wake, limeenda Ilemi.

Mdogo sasa anataka kujua kitu kimoja. Anasema jicho la kulia limeamka lakini la kushoto bado limelala. Amekosea wapi?

Jiwe la Kiwira (mleta uzi)

Mwambie hajakosea, amesahau nukta nyeupe ya kushoto. Iwekwe upande ule ule wa ile ya kulia, zote mbili juu kushoto au zote juu kulia, maana mwanga wa dirisha ni mmoja. Mkienda Ilemi abebe kijiti cha meno na tone la rangi nyeupe kwenye kizibo cha chupa. Vanishi juu yake akishamaliza. Na atuwekee picha.